Nyumba ya Kihesa na Saa ya Kuiuza

Aghalabu mtu wa Kihesa anayewaza kuuza nyumba yake huanza na bei, na hapo ndipo mawazo yake yanapokwenda upogo. Maana bei ni jambo asilokuwa na mamlaka nalo hata chembe, ilhali mambo yaliyo chini ya mamlaka yake, yaani hati, ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa, masikilizano ya wanawe na uhai wake mwenyewe, huyaweka kando kana kwamba yatajipanga yenyewe siku mnunuzi atakapopiga hodi. Huuliza majirani nyumba ya fulani imekwenda kwa kiasi gani, humsikiliza dalali, huongeza milioni mbili tatu juu ya alichosikia, kisha husema atangoja. Kungoja si kosa. Lakini angojaye yampasa ajue ni kitu gani anachokingoja, na ni kitu gani kingine kinachomsogelea wakati yeye amekaa kitako.

Rai yangu ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda. Nyumba ikiwa ni ya kuuzwa, wakati wake mwema ni pale aliyeijenga angali hai, ana akili timamu, na mkono wake waweza kutia saini. Na bei, ambayo huzungumzwa kwanza, ilistahili kuzungumzwa mwisho. Najua rai hii haitampendeza kila mtu, hasa katika nchi ambayo mzee akitaja habari za kuuza au kugawa mali huambiwa anajichulia.

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa iliyo upande wa kaskazini wa mji, kando ya barabara iendayo Dodoma kwa njia ya Mtera. Ni nchi ya vilima na majabali, ambako Juni na Julai baridi huingia mpaka mifupani, na ambako nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, nyingine zikiwa zimepigwa lipu na rangi, nyingine zikiwa zimeachwa na wekundu wake. Wazee walioanza kujenga hapa walijenga ili wakae. Kisha vikaja vyuo: Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho kabla ya mwaka 2013 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini; shule ya Mkwawa, iliyogeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu; na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mabweni hayakuwatosha wanafunzi, nao wakamiminika mitaani kutafuta vyumba, na mwenye nyumba aliyekuwa na ua mpana akajenga safu ya vyumba vinne au sita nyuma ya nyumba yake, akaweka bomba moja na choo kimoja, akaanza kupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwa macho, maana nyumba ya kukaa na nyumba ya kuchuma hazipimwi kwa mizani moja, na mwenye nyumba wa Kihesa amejikuta anazo zote mbili chini ya bati moja. Ukimwuliza nyumba hii yakuletea nini kwa mwaka, hukujibu kwamba hapa ndipo alipolelea wanawe. Na ukimwuliza mbona wanawe wote wako Dar es Salaam na Mbeya na hakuna hata mmoja atakayerudi kukaa, hukujibu kwamba vyumba vya uani vinaleta kodi. Kila hoja huitumia kuikimbia nyenzake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuamua lolote mpaka kwanza azitenganishe hizo mbili, akajiuliza kwa faragha, na kwa insafu: kama nyumba hii isingekuwa yangu, na ningekuwa na fedha zake mkononi leo, ningeinunua?

Tufanye hesabu ya mfano, isiyo ya mtu yeyote. Tuseme nyumba ina vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na kwa sababu ya likizo za vyuo hupangishwa kwa miezi kumi tu katika mwaka. Mapato ni shilingi 2,400,000. Ondoa asilimia kumi ya kodi ya pango ambayo sheria inaidai. Ondoa shilingi 300,000 za bati lililotoboka, kitasa kilichovunjika na shimo la choo lililojaa. Husalia shilingi 1,860,000. Ikiwa nyumba hiyo yaweza kuuzwa kwa shilingi 40,000,000, basi kila mwaka inamrudishia mwenyewe chini ya asilimia tano ya thamani yake. Upande wa pili, hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na hata iliposhushwa mwaka uliofuata ilibaki asilimia 12.56, riba isiyotozwa kodi ya mapato. Mwenye nyumba akiuza, akalipa kodi na udalali, akabaki na shilingi 37,000,000, riba hiyo iliyoshushwa ingempatia zaidi ya shilingi 4,600,000 kwa mwaka, bila mpangaji wa kumgongea usiku kwamba maji yamekatika.

Walakini hesabu hii, ambayo washauri wengi wa mijini huishia hapo, ina upande wake wa giza. Kodi ya chumba hupanda jinsi maisha yanavyopanda, na ardhi iliyo chini ya nyumba haizeeki. Bali zile shilingi 37,000,000 zitarudi zikiwa zile zile baada ya miaka 25, na kwa mfumuko wa bei wa asilimia nne tu kwa mwaka, nguvu yake ya kununua itakuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 anayetaka dawa na chakula chake cha sasa ana hesabu moja, na kijana wa miaka 35 anayetazama mbali ana hesabu nyingine, ijapokuwa nyumba zao zimepakana ukuta kwa ukuta. Nyumba moja yaweza kuwa ya kuuzwa mikononi mwa huyu na ya kushikwa mikononi mwa yule, na hapana mthamini atakayeiona tofauti hiyo kwa kutazama kuta.

Fauka ya hayo, chumo la wanafunzi ni chumo la mlango mmoja. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, mpaka vilipofunguliwa tena Juni mosi, mitaa ya Kihesa na Mtwivila ilibaki na makufuli milangoni, na waliokuwa wamechukua mikopo ya kujengea vyumba vya uani ndio walioumia kuliko wote. Asiyekuwa na deni alikunja mikono akangoja. Mwenye deni alimwita dalali.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe, maana najua msomaji anaisubiri. Barabara ya Dodoma imewafanya wengi wa upande huu waote ndoto. Hoja yao ni kwamba Serikali imehamia Dodoma, barabara ni lami, uwanja wa ndege wa Nduli uko mbele kidogo, kwa hiyo ardhi itapanda na asubiri anayeweza. Sikatai. Lakini TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia kweli kweli Julai 2016. Kati ya azma na utekelezaji ilipita miaka 43. Mtu aliyeshika kiwanja kwa tumaini hilo akiwa na umri wa miaka 30, tumaini lilipotimia alikuwa na miaka 73, kama alikuwapo. Alikuwa sahihi katika utabiri wake na alikosea katika umri wake. Utabiri wa bei ya ardhi una tabia hiyo, kwamba hutimia kwa saa yake, si kwa saa ya mwenye haja.

Na barabara ile ile inayopandisha bei yaweza kuifuta. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba zilizoingia humo zikapigwa alama ya X na wakala wa barabara, TANROADS: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, asiyekuwa na fidia, ya kijani kwa aliyefuatwa na barabara, anayestahili fidia. Nyumba yenye X ya rangi yoyote haina soko, isipokuwa kwa mlaghai au mgeni. Vivyo hivyo stendi kuu ya mabasi ilipohamishiwa Igumbilo, wenye nyumba za wageni na maduka ya karibu na stendi ya zamani waliona wateja wao wakihama kwa amri, na wale wa Igumbilo wakaona neema ambayo hawakuitolea jasho. Na waliokuwapo mwaka 1971 hawahitaji kukumbushwa Sheria ya Kutwaa Majengo ya Aprili mwaka huo, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Katika miji ya Tanzania Bara walikuwako watu waliokuwa wakingoja bei ipande, wakaamka asubuhi nyumba si zao. Sisemi hayo yatarudi. Nasema tu kwamba anayesubiri kilele cha bei anashindana na mambo yanayoamuliwa katika vyumba asimoalikwa.

Kama kuna hekima ya majira, ni ndogo nayo ni hii: Januari ni mwezi mbaya wa kuuza katika nyanda hizi. Ada za shule zinadaiwa, mazao yangali shambani, mvua inanyesha, njia za vilimani zimekuwa utelezi, na kila ufa wa ukuta unaonekana. Wauzaji ni wengi na wote wana haraka; wanunuzi wachache waliopo wanajua hivyo, nao huja na nusu ya bei wakiwa na nyuso za huruma. Baada ya mavuno, tangu Julai hata Oktoba, fedha za mahindi huingia mjini, wafanyabiashara wa mbao za Mufindi na Kilolo huwa na kitu mfukoni, na vyuo vinakaribia kufunguliwa, hivyo mnunuzi huona wapangaji kabla ya kuona deni. Tofauti ya majira hayo mawili, kwa nyumba ile ile, yaweza kuzidi faida ya kungoja miaka mitatu.

Lakini tazama mambo yanavyokwenda siku ya siku. Mnunuzi hufika na dalali, na pengine na fundi wake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, karibuni ndani." Huzungushwa. Fundi hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hutazama dari kama ina alama za kahawia za maji ya mvua, huuliza mita ya maji ya IRUWASA inasomwa kwa jina la nani, hufungua mlango wa choo na kuufunga upesi. Huenda nyuma kutafuta mawe ya mpaka, naye mzee huwaonyesha mti wa mparachichi na kusema mpaka unapita hapo. Bei hutajwa, hupunguzwa, hukaribiana. Kila mtu anatabasamu. Ndipo mnunuzi husema kwa adabu, "Mzee wetu, tunaomba na hati tuione."

Mzee huingia chumbani, akakawia, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake mna barua ya toleo ya mwaka 1992, ambayo wenyeji huiita ofa, kwa jina la mtu mwingine aliyekwisha fariki. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye muhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi watano ambao watatu kati yao ni marehemu. Na stakabadhi za pango la ardhi zinazokoma miaka mingi nyuma. Mnunuzi huzisoma zote kwa utaratibu, huzikunja kama alivyozikuta, na kusema, "Tutawasiliana, mzee." Dalali, aliyekwisha kulisikia neno hilo mara nyingi, hutazama chini. Siku tatu baadaye simu hupigwa, na bei iliyotajwa ni pungufu kwa theluthi.

Theluthi hiyo haikuliwa na soko. Ililiwa na karatasi, na muda wa kuitafuta ulikuwapo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, imesema wazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, jambo ambalo sera ya zamani ililikataa, wakati ilipohesabiwa kwamba mtu anauza maendelezo tu, yaani kuta na miti, na udongo ni bure. Lakini ardhi yote ingali mali ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini, na anachokiuza mwananchi ni haki ya kuikalia kwa muda uliotajwa katika hati. Muda huo huisha. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1992 ilifika ukomo wake mwaka 2025. Na mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hataweza kuinunua nyumba yenye hati ya miaka miwili iliyosalia, kwa sababu benki haitaipokea kuwa rehani. Mwenye nyumba aliyekuwa akingoja bei ipande huku miaka ya hati yake ikipukutika, alikuwa akingoja kwa hasara asiyoijua.

Kisha kuna mlango wa kodi. Uhamisho hupitia fomu za ardhi, ya 29 ya kutoa taarifa, ya 30 ya kuomba kibali, na ya 35 ya kuhamisha yenyewe. Hutakiwa uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Na Mamlaka ya Mapato hudai asilimia kumi ya faida kwa mkazi wa nchi. Faida ni bei uliyouzia ukitoa gharama ya kununua na kujenga. Swali ni nani mzee wa Kihesa aliyetunza risiti za saruji na bati za mwaka 1988? Kwa asiyekuwa na kumbukumbu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2023 yameweka njia nyepesi zaidi, asilimia tatu ya bei ya mauzo au ya thamani iliyothaminiwa, ile iliyo kubwa. Na nyumba ya makazi ambayo mtu ameimiliki na kukaa ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi haitozwi, maadamu faida yake haikupita shilingi 15,000,000. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia moja, ambao kwa desturi ni juu ya mnunuzi, na malimbikizo ya pango ambayo ni juu yako. Ama ile desturi ya kumkatia mwenyekiti wa mtaa asilimia kumi ya bei kwa ajili ya muhuri wake, hakuna sheria inayoidai, wala muhuri huo haugeuzi karatasi kuwa hati.

Nimesema ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na hapa wanaume wenzangu wanisikilize vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wa wanandoa auze, aweke rehani au atoe zawadi nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi za mke nyumbani zimehesabiwa kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Mume anayekwenda kwa wakili na mwanamke wa kuazima akamtambulisha kuwa ndiye mkewe, na mambo hayo yapo, hauzi nyumba, anauza kesi. Mnunuzi aliyedhulumika atakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mke naye atakwenda huko huko, na nyumba itazeeka ikiwa na zuio.

Baada ya mwenzi wa ndoa kuna ukoo. Katika Iringa ardhi haikuwahi kuwa bidhaa kama chumvi. Hapa watu wamezika babu zao kando ya nyumba, na Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 kule Isimani, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Mwamwindi katika shamba la mkulima huyo. Mwenye kutaka kuuza asiyapuuze hayo. Lakini aujue mpaka wa sauti ya ukoo. Kule Kagera mwaka 1988, Holaria Pastory, mwanamke aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akamshitaki kwa hoja ya sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, zilizomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba, na uuzaji ukahesabiwa kuwa halali. Ukoo una haki ya kusikilizwa, na mwenye busara huusikiliza. Hauna haki ya kuifunga saini ya mtu mzima juu ya mali iliyo yake.

Mradi mwenye mali yu hai. Akifa, mizani hupinduka, na hapa ndipo mahali pazito pa habari yote. Nyumba iliyokuwa na mwuzaji mmoja hupata wauzaji saba, ambao hakuna hata mmoja wao awezaye kuuza. Yapasa kikao cha ukoo kikae na kuandika muhtasari, msimamizi apendekezwe, ombi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo au nyingine yenye mamlaka, tangazo litolewe, mwenye pingamizi alete pingamizi lake, na aghalabu yupo, mtoto wa nje ya ndoa ambaye mama mwenye nyumba hakumjua, au ndugu wa marehemu anayesema alichangia bati. Msimamizi akiteuliwa, jina lake liingizwe katika hati; ndipo auze, ndipo agawe, ndipo apeleke hesabu mahakamani. Kwa familia zinazopendana jambo hilo huchukua muda mrefu. Kwa zisizopendana huchukua umri wa mtu. Na katikati ya hayo yote yule kijana mmoja aliyebaki Kihesa hukusanya kodi za vyumba vya uani, wala hana haraka ya mirathi, na wenzake wa Dar es Salaam humnunia kwa simu. Mnunuzi wa nyumba kama hiyo hutoa bei ya mtu anayenunua hatari, maana sheria ya ukomo wa madai humpa mdai wa ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani.

Nimeziona nyumba za namna hiyo zikiuzwa kwa bei ambayo marehemu aliikataa miaka kumi kabla ya kufa kwake, kwa kuwa aliiona ndogo. Ndiyo maana nasema saa ya kuuza haimo katika soko. Imo katika mwili wa mwenye nyumba.

Msomaji asinielewe vibaya kwamba kila mwenye mvi auze. Mama mjane anayeishi chumba cha mbele na kula kodi ya vyumba vya uani, ambaye jirani yake humletea uji akiugua na ambaye njia ya sokoni anaijua hata gizani, huyo akiuza ili aende kukaa kwa mwanawe Dar es Salaam atakuwa ameuza uhuru wake kwa bei ya matofali. Nyumba ya mwana ina mwenyewe, naye ana mke. Wala sioni hekima ya kuuza kabla hujajua fedha zinakwenda wapi. Aliyeuza nyumba akaweka fedha nyumbani huku akifikiri, hufikiri mpaka zinapokwisha, kwani harufu ya fedha hufika kwa ndugu kabla ya habari. Na kati ya kuuza na kushika kuna njia ya tatu ambayo Kihesa inaifaa sana, kwa sababu viwanja vingi vya zamani ni vikubwa: kugawa kiwanja kwa kibali cha Manispaa, ukauza upande mmoja wenye vyumba vya uani, ukabaki na nyumba ya mbele. Wengi huifanya bila kibali, kwa kamba na vigingi, nao huwaachia watoto wao ugomvi wa mita moja na nusu.

Kwa hiyo namsihi msomaji aliyefika umri wa kustaafu, mwenye nyumba Kihesa au popote katika nyanda hizi, asiulize tena mwaka huu nyumba ya jirani imeuzwa kwa kiasi gani. Aende ofisi ya ardhi ya Manispaa akafanye upekuzi, aone jina lililomo katika daftari ni la nani na miaka iliyosalia ni mingapi. Alipe pango analodaiwa. Amwite mwenzi wake na wanawe, pamoja na yule anayekaa mbali na yule asiyetajwa, awaambie anauza au hauzi. Akiamua kuuza, auze kabla ya Januari, kwa wakili, kwa hundi au kwa benki. Akiamua kutouza, basi aandike wosia: kwa sheria za mila za mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika wahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na wa asiyejua wahitaji wanne, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huupokea na kuuhifadhi.